Barua kwa wazazi: tunafunga muhula wa kwanza

Wazazi na walezi habari zenu, poleni na majukumu. Tunafunga Ijumaa saa sita mchana, ripoti mtazichukua kwa walimu wa madarasa, mambo ya michango ya chakula tutaongea tukifungua, leo nina jambo linaniuma.

Tuna binti wa darasa la nne mwenye ualbino. Mwezi wa tatu nilipita nyuma ya vyoo nikakuta wenzake wanamuita "dili", nikauliza maana yake nini, mmoja akanijibu bila woga, "si ndo wanavyoitwa mwalimu". Niliishiwa nguvu. Jamani hilo neno limetoka kwa wauaji waliokuwa wanauza viungo vya watu hapa hapa kanda ya ziwa, dili maana yake pesa, na mtoto wa miaka kumi hajalitunga yeye, kalisikia kwa wakubwa, kijiweni au sebuleni kwetu.

Ndo tukaanza kufundisha majina ya kuwaita watu wenye ulemavu kwenye kipindi cha Kiswahili. Tukaandika ubaoni kipofu, kiwete, kilema, tukawaonyesha yanavyoanza na ki- kama vitu, kijiko na kikombe, mtoto mmoja akanyoosha mkono, mbona hata kiongozi inaanza hivyo? Nikamwambia umeuliza vizuri sana, ila kiongozi hazomewi kwa hilo neno. Sasa wanasema asiyeona, mwenye ulemavu, mwenye ualbino. Kiziwi tumeliacha maana wenyewe wanalitumia, hata CHAVITA ni Chama cha Viziwi Tanzania, kwahiyo tunawafundisha wamuulize mwenyewe anapenda aitweje.

Kosa lingine ni langu. Huyu binti alikuwa anavuliwa kofia mstarini kisa sio sare, na mimi nipo nimesimama pale naangalia. Nimemuomba radhi yeye na mama yake. Ngozi yake haina kinga ya jua, kofia pana na mikono mirefu kwake ni lazima, na macho hayaoni mbali, kwahiyo sasa anakaa mbele kabisa na mwalimu anasoma kwa sauti kila anachoandika. Hesabu amepanda sana, akili alikuwa nayo siku zote ila ubao ndo alikuwa hauoni.

Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, itawakuta watoto nyumbani, naomba muongee nao hayo maneno. Na mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu ambaye bado yuko ndani, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake, mlete Julai tukifungua, mlango wa darasa la kwanza tumeshauwekea mteremko wa saruji.

Mwalimu Mkuu