Tutibu na jeraha lililozaa uraibu

Mhariri,

Mraibu akirudi nyumbani kutoka kituo cha matibabu, ndugu humpokea kwa swali moja: ameacha au hajaacha? Ni mara chache tunauliza alikuwa akituliza maumivu gani. Utafiti wa daktari Vincent Felitti na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulionyesha kuwa waliopitia aina 4 au zaidi za madhila utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa au kushuhudia mama akipigwa, walikuwa na hatari kubwa zaidi, mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja, ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua.

Na mengi ya madhila hayo hutokea ndani ya nyumba ileile anamorudishwa mtu akapone! Humo, sauti ya ukali tu yaweza kuamsha hofu ya zamani, na hofu ikaamsha kiu. Kumwita dhaifu ni kumwonea.

Naomba vituo viwashirikishe wazazi, wenzi na watoto katika ushauri nasaha tangu mwanzo. Watoto hasa, maana wao hujifunza kunyamaza mapema, na hakuna anayewauliza wanalalaje usiku.

Msomaji wako