Pikapu ikikosa nguvu mlimani, usikimbilie kununua pampu

Kama pikapu yako ya petroli inatembea fiti kabisa ikiwa tupu hapo Jogoo Road, lakini ukiipakia na ukutane na mlima inaanza kukohoa, unakanyaga mafuta na haiendi, kuna uwezekano mkubwa injini inanyimwa presha ya mafuta. Na kitu cha kwanza watu wengi hufanya ni kuenda Kirinyaga Road kununua pampu ya mafuta. Tafadhali ngoja kwanza.

Mteja wetu mmoja hubeba viazi na kabichi kutoka Narok akileta Marikiti, ana Nissan Hardbody ya petroli, ile ya injini ya KA24. Alikuja gereji akiwa amechoka kabisa. Kila usiku akianza kupanda kutoka Mai Mahiu gari inaishiwa nguvu, anarudisha gia mpaka namba moja, malori yanampita, akifika soko wanunuzi wa mapema washaenda. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi, akabadilishiwa filta, halafu akauziwa pampu, baada ya siku nne tabia ni ile ile, akauziwa pampu ingine. Pampu mbili ndani ya mwezi mmoja na hakuna mtu alikuwa amefunga geji hata mara moja. Hii ndio kitu inatuuma sana, juu geji ya presha ya mafuta si kifaa cha ajabu na kuifunga ni kazi ya dakika chache tu.

Tulifunga geji kati ya filta na reli ya injekta, ile paipu inayogawia injekta mafuta. Kwa injini hiyo, ikinguruma bila kukanyagwa geji inafaa kusoma karibu psi 34 (psi ni kipimo cha presha), na ukichomoa ule mpira mwembamba wa vakiamu kwa rejuleta, kile kifaa cha kupanga presha ya mafuta, inafaa kupanda mpaka kama 43. Yake ilisoma 32, ukiangalia haraka haraka unasema iko sawa. Lakini tuliibandika geji kwa kioo cha mbele kutoka nje na selotepu, tukatoka barabarani na mzigo nyuma, na vile tu mlima ulianza mshale ukaanza kushuka pole pole, 30, 27, ukafika 24 ukabaki hapo unatetemeka na injini ikaanza kumisi. Hii shida hujificha hivyo. Gari ikisimama inakunywa mafuta kidogo, hata pampu iliyochoka inatosha, ni ikipanda na tani moja mgongoni ndio inaomba mafuta mengi na hayafiki.

Sasa hapo ni rahisi kusema pampu, lakini pampu ni mpya. Tukapima umeme kwa soketi ya pampu injini ikiwa inanguruma: betri ina volti 13.8, pampu inapata 9.6. Pampu ukiipa volti 9 itazunguka, hata mlio wake utausikia, lakini nguvu ya kusukuma haina. Tukafuata waya mpaka soketi moja chini ya bodi ya nyuma, kuifungua tukapata pini zina ule unga wa kijani wa kutu ya shaba, moja imelika ikabaki kama sindano na plastiki imeyeyuka pembeni. Maji ya kabichi yanadondoka kwa mashimo ya bodi, ongeza matope, ongeza kuoshwa na mashine kila wiki, miaka inapita. Tukakata hiyo soketi tukaweka mpya, waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, tukaufunga upya kwa chasisi tukiwa tumekwangua rangi mpaka chuma kikaonekana. Volti zikarudi 13.2, geji ikakaa 34, vakiamu ikichomolewa 43. Pampu hatukugusa.

Si kila mara ni waya. Mara nyingi ni filta imejaa uchafu, hiyo ni ya kubadilisha tu, au ile chujio ndogo ndani ya tanki imeziba, hiyo watu huisahau kabisa hata wakibadilisha pampu. Rejuleta pia huleta shida: ukichomoa mpira wake wa vakiamu na upate petroli ndani, imepasuka, haina mjadala. Na kwa gari zenye paipu ya kurudisha mafuta, tukiibana kidogo ule mpira wa kurudi na presha iruke juu, tunajua pampu ina nguvu na rejuleta ndio inaachilia mafuta. Pampu tunailaumu mwisho, baada ya kuona inapata umeme wote na bado haiwezi kutoa karibu nusu lita kwa sekunde 30.

Usitegemee taa ya injini pekee. Hizi pikapu za zamani kompyuta yake haina sensa ya presha ya mafuta, kwa hivyo itakuandikia tu kodi ya hitilafu P0171, yaani mafuta ni kidogo kwa hewa inayoingia, halafu mtu anakuuzia sensa ya oksijeni.

Wenye D-Max na dizeli zingine za komoni reli, yaani injekta zote zinalishwa na reli moja ya presha kubwa, hayo maneno ya geji ya psi 43 si yenu. Huko presha inaweza kupita psi 20,000, mafuta yakivuja yanatoboa ngozi, kwa hivyo msilegeze paipu yoyote injini ikiwa inanguruma. Hata kwa petroli, usifungue laini bila kutoa presha: chomoa fyuzi ya pampu, acha injini ijizimie, na usiwe karibu na moto.

Kitu kingine tunawaomba ni hii tabia ya kuweka mafuta ya mia tano kila siku na taa imewaka. Pampu inapozwa na petroli iliyo ndani ya tanki, na kwa jamu ya Mombasa Road saa saba mchana tanki likiwa karibu tupu inachemka tu. Jaribu isishuke chini ya robo.

Ukija, kuja na angalau robo tanki, utuambie inakosa nguvu ikiwa baridi ama ikishapata moto, na kama taa ya injini iko usiifute. Na kama ulibadilishiwa pampu na ile ya zamani bado iko nyumbani, ibebe, tutaipima pia.