Mahari ya Washona haina haraka, mwanangu

Mwanangu,

Salamu kutoka Mbeya, sote wazima. Habari za mchumba wako Mshona wa Masvingo, huko Zimbabwe, zimetufurahisha, ila lile wazo la kwenda mwenyewe kwa wazazi wake na bahasha mfukoni liache kabisa. Washona nao wana mshenga, wanamwita munyai. Zamani aliweza kufukuzwa, hata kumwagiwa maji, na bado alitakiwa arudi. Tafuta mtu mzima wa hukohuko, asiye na hasira za karibu. Wewe subiri nje mpaka uitwe.

Sahani ya mti itawekwa chini, na kila hatua ina fedha yake. Ipo hata ya lile swali la baba mkwe: nani kakwambia nina binti? Usicheke. Kisha binti anaitwa, anaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akikubali, anaokota fedha sahanini mbele ya shangazi zake.

Ng'ombe wengi siku hizi wanalipwa kwa dola, na kusema kweli zipo familia zinazoandika orodha ya sukari, mafuta na suti utadhani zinafungua duka. Hapo mshenga abishane. Ila mombe yeumai, ng'ombe wa mama, asimguse. Huyo awe jike, tena mzima, aswagwe hadi zizini kwao. Ni haki ya mama na mizimu ya ukoo wake. Asipotolewa, wanaamini mikosi itawafuata watoto wenu.

Watakuuliza pia mutupo wako, yaani mnyama wa ukoo. Kila ukoo una wake: Shumba ni simba, Nzou tembo, Soko nyani. Mnyama wako humli, na wa mutupo mmoja hawaoani. Wewe taja ukoo wetu bila haya. Ila wa kwao uujue mapema, maana mkwe akikupa kitu unapiga makofi taratibu na kumshukuru kwa mutupo wake: "Maita Shumba." Mwanamume analinganisha viganja, kidole kwa kidole, kuvipinda na kuvikingamisha ni kwa wanawake. Nilipoendesha malori ya Harare niliona wageni wakichekwa kwa hilo tu.

Novemba usipange kitu. Ndio mwezi wa Mbudzi, hawafanyi harusi wala matambiko.

Mama yako anataka namba za viatu vya wakwe wote wawili. Zitume kabla ya Jumamosi, anashuka sokoni.

Baba yako