Chakula na Maji ya Kuku Wako: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimetufikia hapa Singida, na habari ya kuku wako wa mayai huko Kibaha imetufurahisha sana. Uliniuliza kuhusu gunia la pumba za mahindi lililoingia unyevu, nami nimeona nikujibu kwa maandishi, maana jambo hilo si dogo.

Gunia hilo usiwape kuku, hata kama ukungu umeonekana upande mmoja tu, na hata ukishauriwa ulichanganye na pumba nzuri. Kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, wanaweza kutoa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuanikwa au kupikwa. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kabla ya wataalamu kugundua kwamba mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na sumu hiyo, na mwaka 2016 iliua watu hapa nchini, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuku anayeila kidogo kidogo hafi siku hiyo. Ini lake huharibika, utagaji hushuka na kinga yake hudhoofika, hata ukachanja na bado ukaumia moyo kwa vifo usivyovielewa. Gunia hilo lifukie kabisa, wala usilitupe jalalani ambako kuku wa jirani watalichakura.

Hewa ya Pwani ina unyevu kuliko ya kwetu, kwa hiyo panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na ununue chakula cha wiki mbili au tatu tu. Dagaa waonje kabla ya kuwasaga, kwa kuwa chumvi ikizidi huua vifaranga, hasa maji yakiwa haba.

Kuku hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula anachokula, na joto likipanda hunywa zaidi ya hapo. Vyombo vioshwe kila siku, tena viinuliwe mpaka ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku, wasije wakavinyea au kumwaga maji. Maranda ya sakafuni yaliyolowa yaondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu vimelea vya kuhara damu hukomaa penye unyevu na joto, na banda lako lina joto la kutosha tayari.

Jambo ninalokusihi zaidi ni maji ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku banda zima. Chanjo hiyo ina virusi hai, na klorini ya maji ya bomba huviua kabla kuku hajavinywa. Ndiyo maana mtu huchanja kwa gharama yake na banda likateketea vilevile. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, uchanganye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa lita, ndipo utie chanjo. Vyombo viwe vya plastiki, visivyo na mabaki ya sabuni wala dawa. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili kwanza, ili wote wanywe na chanjo iishe ndani ya saa mbili. Fanya kazi hiyo alfajiri, kabla jua halijachoma, na uniarifu siku utakayochanja.

Mama yako