Barua ya wazi kwa wachezaji mnaokaribia kutundika daluga

Wanangu,

Wengi wenu mmedumu klabu moja na mnaamini mkistaafu benchi la ufundi litawasubiri. Mtazameni kwanza Daniele De Rossi, mtoto wa Ostia, eneo la pwani la jiji la Roma, ambaye katika soka la wakubwa ndani ya Italia hakuvaa jezi ya klabu yoyote isipokuwa Roma: mechi 616 kati ya 2001 na 2019. Kisha miezi michache Boca Juniors, basi.

Ukocha hakuuokota njiani. Baba yake, Alberto, alifundisha vijana wa Roma. Mwaka 2021 Daniele, bingwa wa dunia wa 2006, alikubali kuwa msaidizi tu kwenye benchi la Roberto Mancini, kocha wa timu ya taifa, na Italia ikatwaa Euro. Wangapi kati yenu mtakubali kubeba koni?

Kazi yake ya kwanza kama kocha mkuu ilikuwa SPAL, klabu ya Serie B, daraja la pili la Italia, Oktoba 2022. Mechi 17, ushindi 3, Februari akatimuliwa. Ukiingia msimu umeshaanza, kikosi umekikuta na muda wa maandalizi umepita; ukikubali kazi ya hivyo, ijue bei yake.

Januari 2024 Roma wakamwita kumrithi kocha José Mourinho, timu ikiwa nafasi ya 9. Hakutegemea mapenzi ya mashabiki. Aliachana na mabeki watatu wa kati, akapanga mabeki wanne na viungo watatu. Brighton wakala 4-0, Milan wakatolewa, Roma wakafika nusu fainali ya Europa League na kumaliza ligi nafasi ya 6. Akapewa mkataba hadi 2027.

Septemba 18 mwaka huohuo, baada ya mechi nne tu za ligi ya msimu mpya, sare tatu na kipigo kimoja, akafukuzwa. Mashabiki walichachamaa, mtendaji mkuu akajiuzulu siku chache baadaye, lakini De Rossi hakurudishwa.

Kwa hiyo anzeni leseni mngali mnacheza. Za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinapanda D, C, B, A hadi Pro, na hazimalizwi kwa msimu mmoja. Ombeni timu ya vijana, hata ya chini ya miaka 15, mjifunze kupanga zoezi la dakika 90 na kumweka mtu benchi bila kumpoteza. Mkiletewa mkataba, kabla ya mshahara someni kifungu cha kuuvunja: fidia ni ya miezi mingapi, italipwa lini, na wasaidizi wenu wamo au wameachwa nje.