Faida za Mbao kwa Mazingira, na Masharti Yake

Wateja wengi wanaotuletea ramani za nyumba huuliza kama kujenga kwa mbao si kuuharibu msitu kwa jina la kuyatunza mazingira. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linategemea mambo mawili: kilichomo ndani ya mbao zenyewe, na vifaa ambavyo mbao hizo zinachukua nafasi yake.

Mti unapokua hufyonza hewa ukaa na kuibakiza kaboni yake katika shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Kwa hiyo meta moja ya ujazo ya mbao yenye uzito wa kilo 500 ina takriban kilo 250 za kaboni, ambazo mti ulizipata kutokana na kilo 900 hivi za hewa ukaa. Gogo likioza au likichomwa, kaboni hiyo hurudi angani. Likipasuliwa likawa boriti, kenchi au sakafu, kaboni hukaa humo kwa muda wote ambao jengo litasimama. Muda huo unaweza kuwa mrefu kuliko wengi wanavyodhani, kwani hekalu la Horyu-ji nchini Japani lina mbao zilizodumu kwa zaidi ya miaka 1,300.

Faida ya pili, ambayo kwa maoni yetu husahaulika mno, ni ile ya kupunguza saruji na chuma. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi za selsiasi, na sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotoka hapo haitokani na makaa bali na jiwe lenyewe linapovunjika kikemia, kiasi kwamba hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua hewa hiyo bado itatoka. Chuma nacho, kinapoyeyushwa kwa makaa ya mawe, hutoa karibu tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani moja. Mbao huhitaji kupasuliwa, kukaushwa na kusafirishwa tu, na mara nyingi tanuri la kukaushia huwashwa kwa mabanzi na maranda ya kiwanda chenyewe. Tena kwa kuwa jengo la mbao ni jepesi, msingi wake unaweza kuwa mdogo zaidi.

Hatumshauri mtu aachane na zege kabisa. Hata Mjøstårnet, jengo la ghorofa 18 lililokamilika nchini Norwe mwaka 2019 na ambalo nguzo na mihimili yake ni ya mbao, lilitumia zege katika sakafu za ghorofa za juu ili kuongeza uzito na kupunguza kuyumba kwa upepo.

Hesabu hii yote huvurugika iwapo mbao zimetoka katika msitu wa asili uliofyekwa bila kupandwa tena, kwa sababu msitu wa namna hiyo hupoteza pia kaboni iliyokuwa udongoni, pamoja na makazi ya wanyama na vyanzo vya maji. Ndiyo maana mteja anapaswa kumdai muuzaji yeyote, sisi tukiwemo, hati zinazoonyesha shamba au msitu mbao zilikovunwa. Vyeti vya FSC, shirika la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1993 kuthibitisha misitu inayovunwa kwa uangalifu, husaidia, ingawa mvunaji mdogo anaweza kupanda miti kwa uaminifu na bado akashindwa kumudu gharama za cheti.

Sharti jingine ni uimara, maana nyumba inayooza mapema huirudisha kaboni yake hewani mapema. Mbao zikaushwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20, kiwango ambacho kuvu waozeshao hawawezi kustawi. Ziinuliwe kutoka ardhini ili mchwa wasizifikie kwa urahisi, na paa liwe na upenu mpana wa kuzikinga na mvua. Mbao zilizotiwa dawa zitumike pale tu penye unyevu au mchwa, na mabaki yake yasichomwe jikoni, kwani moshi wake una sumu. Pale ambapo ramani inaruhusu, tunaunga mihimili kwa bolti badala ya gundi, ili siku nyumba itakapobomolewa mbao zake zifunguliwe zikiwa nzima na kujengewa nyingine.