Fiziotherapia si kukandwa kwa bei ya hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye safu hii kwamba fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mikono na mazoezi, ni kukandwa kulekule kwa bibi wa mtaani, ila kwa bei ya hospitali na foleni juu yake. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nimeinamia kitambaa tangu nikiwa msichana, na shingo yangu na kiuno changu vimepita kwenye mikono ya kila aina: bibi mkandaji, mpiga chuku, muuza mafuta wa stendi, na mwisho mtaalamu wa hospitali. Kwa hiyo ninapobisha, nabisha nikiwa na ushahidi mwilini.

Kukandwa sikudharau hata kidogo. Wengi wetu tulikandwa kwa maji ya moto kila tulipojifungua, na bibi wa mtaani kwetu ana vidole vinavyojua misuli ilipojikaza kuliko mwenye misuli. Ukitoka kwake unalala fofofo. Kesho yake, hasa Januari sare za shule zikiwa zimejaa mezani, shingo imekaza vilevile na wewe umeshatoa hela.

Kilichonishangaza hospitalini ni kwamba kijana yule wa fiziotherapia, umri wa mwanangu, alikaa muda mrefu bila kunigusa. Aliuliza tu. Vidole vinakufa ganzi, mama? Vipi? Miguu inakosa nguvu? Haja ndogo unaweza kuizuia? Umekonda bila kujua kwa nini? Unatoka jasho usiku, unapata homa? Umewahi kuugua saratani? Nikaona ananichelewesha. Moyoni nikasema, mikono iko wapi, nimefuata mikono.

Maana ya maswali yale niliijua baadaye kwa jirani yangu wa sokoni, muuza vitumbua. Mgongo ulikuwa unamsumbua kwa miezi, anakandwa, anasikia nafuu, unarudi, anakandwa tena kwa nguvu zaidi. Amekonda, sisi tukasema ni mawazo. Nikampeleka kwa kijana yule yule. Aliuliza yale yale, akamgonga gonga mgongo taratibu mahali pamoja, kisha akakataa katakata kumkanda. Akampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaokula pingili zenyewe, na mtu akiendelea kusukumwa hapo anaweza kupooza. Dawa za TB hutolewa bure, akazimeza mpaka mwisho, na leo vitumbua vyake ndivyo ninavyonywea chai. Sasa msomaji mwenzangu aniambie, kuna mkandaji gani aliyewahi kumrudishia mteja pesa na kumwambia, wewe sikugusi?

Mimi alinigusa. Nililalamikia shingo na kiuno, lakini aliponilaza kifudifudi alianza kushuka pingili moja moja kwa dole gumba, anauliza, "Hapa mama? Na hapa?" Shingo akaipita, akaja kusimama katikati ya mabega, mahali ambapo sikuwahi kupalalamikia. Hapo ndipo palipokuwa pamekakamaa kama ubao, akasema shingo inafanya kazi ya kwake na ya hapo pia. Akaweka viganja, akawa anasukuma na kuachia, anasukuma na kuachia, kwa mdundo mmoja, bila kishindo chochote. Aliponiketisha akasema geuza shingo, nikauona mlango ambao kwa siku nyingi nilikuwa naugeukia kwa mwili mzima.

Nikaanza kumwombea dua, akanikatisha. "Mama, wepesi huu hautakaa. Una siku moja au mbili. Zitumie kufanya mazoezi, la sivyo utanirudia hivyo hivyo." Akanifundisha kurudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, na kuvuta mpira mikono ikielekea nyuma ili misuli ya kati ya mabega ifanye kazi. Mpira wa dukani niliuliza bei nikarudi nyumbani. Nikachukua lastiki pana ya sketi, nikaikunja, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha. Meza ya cherehani akaniambia niinyanyue miguu ya nyuma kwa vipande vya mbao, ili kitambaa kinielekee mimi badala ya mimi kukiinamia. Mikono ya mtaalamu bila hayo ni kutia cherehani mafuta huku mkanda wake umelegea.

Naomba pia niseme neno kuhusu saluni za kiume, maana kuna moja mbele ya kibanda changu na naiona kila siku. Kijana akishanyolewa na kufutwa uso kwa taulo la moto, kinyozi anamshika kidevu na kisogo, anamzungusha ghafla, shingo inaalika, wote wanacheka. Mlio ule ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Si mfupa unaorudi mahali pake, kwa kuwa haukuwa umetoka. Ila pingili za shingo zina matundu, na humo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini imewahi kutokea mshipa ukachanika kwa kuzungushwa hivyo na mtu akapata kiharusi. Wanangu nimewakataza, kunyoa wanyoe, shingo waiache.

Kinachoniuma ni kwamba kwa kijana yule nilifika mwisho. Kabla ya hapo, kwenye kituo kimoja nisichokitaja, nilipigwa picha nikaambiwa "pingili zimesagika". Neno hilo lilinilaza macho. Nikapewa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, mpaka tumbo likawaka, na nikauziwa mkanda wa kiuno. Hakuna aliyeniambia kwamba picha za namna hiyo hata wazima wanazo: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa kwa watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, 80% diski zao, yaani vile vito laini vya kati ya pingili, zinaonekana zimechakaa kwenye picha za mashine za CT au MRI. Nao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi 3 unataja elimu, mazoezi, kuchuliwa na tiba ya mikono ya uti wa mgongo, na haupendekezi mikanda. Binti yangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenisomea, na hakunificha kwamba shirika lenyewe linakiri ushahidi wa tiba ya mikono si mzito. Sawa. Wa mkanda niliouziwa je?

Kwa hiyo tatizo si kwamba fiziotherapia ni ghali kwa jambo dogo. Tatizo ni kwamba tunapelekwa huko pesa zikiwa zimeishia kwenye picha na vidonge, na tukifika tunamkuta mtu mmoja anayewahudumia pia wagonjwa wa kiharusi, waliovunjika miguu, na watoto wa miguu kifundo, waliozaliwa nyayo zimepinda. Kijana wangu huyo alinipangia tarehe ya mbali si kwa kupenda. Daftari lake lilikuwa limejaa. Wakati chuo cha hospitali ya KCMC Moshi na vingine vinaendelea kuwafundisha hawa vijana, sitaki kusikia kwamba wanamaliza na kukaa nyumbani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ningependa wanaopanga kitita cha mafao watujibu kupitia gazeti hili: mtu mwenye shingo au mgongo sugu atalipiwa mahudhurio mangapi ya fiziotherapia, na ataruhusiwa kwenda huko moja kwa moja, au mpaka kwanza amalize picha, sindano na mkanda?

Fundi cherehani,
Mji Mpya, Morogoro